Kutoka Tingi Hadi Chuoni: Kazi ya Kuratibu Isiyo na Mwenyewe

Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba. Matokeo hutoka Januari. Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano na vyuo hutangazwa katikati ya mwaka, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa mwanafunzi wa Tingi, kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, hiyo ni miezi minane bila kengele wala daftari. Ikifika Mei kahawa inaanza kuiva Mbinga na katika milima ya Umatengo, vibarua vinapatikana, na kijana aliyemaliza shule anashika fedha yake ya kwanza. Wapo wasiorudi tena kwenye masomo baada ya hapo, hata majina yao yakiwa kwenye orodha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia za kumfikisha kijana huyo chuoni hazijawahi kuwa nyingi kama sasa. Kuna mkondo wa amali katika sekondari, vyuo vya VETA, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vyuo vya kati chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na mfumo wa Selform unaomruhusu mwanafunzi kuchagua chuo badala ya tahasusi ya kidato cha tano. Kila njia ina ofisi yake, tovuti yake na tarehe zake. Kinachokosekana katika shule ya kata ni mtu mmoja ambaye kazi yake, iliyoandikwa na kulipwa, ni kuziunganisha njia hizo kwa ajili ya mwanafunzi aliye mbele yake.

Nchi nyingine zililitambua pengo hili mapema. Mwaka 1974, chuo cha jamii cha LaGuardia katika jiji la New York kilifungua sekondari ndani ya viwanja vyake na kuwapokea vijana waliokuwa karibu kuacha shule. Walisoma masomo ya sekondari huku wakiingia taratibu katika masomo ya chuo. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria inayowaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo kwa gharama ya serikali, na kozi hizo zikahesabiwa pande zote mbili. Kuanzia 2002, Taasisi ya Gates ilifadhili kuenea kwa shule zinazounganisha sekondari na chuo, ziitwazo vyuo vya mapema, na jimbo la North Carolina likazifanya sehemu ya mpango wake wa elimu.

Shule hizo zilipata waombaji wengi kuliko nafasi, kwa hiyo baadhi zilichagua wanafunzi kwa bahati nasibu. Hapo watafiti walipata nafasi adimu ya kulinganisha walioingia na waliokosa, vijana waliokuwa sawa katika mambo mengine yote. Walioingia walionekana kujiunga na vyuo kwa wingi zaidi na kupata vyeti kwa wingi zaidi. Miongoni mwao walikuwamo wa familia ambazo hakuna aliyewahi kusoma chuo. Na katika mipango iliyofanikiwa kuna jambo moja linalojirudia: yupo mtu aliyeajiriwa kusimama kati ya shule na chuo. Anapanga ratiba zisigongane, anahakikisha somo lililosomwa huku linatambuliwa kule, na anamfuata mwanafunzi aliyeanza kukosa vipindi.

Tanzania, mwaka uleule wa 1974, iliamua kinyume. Azimio la Musoma la Novemba mwaka huo lilitaka kijana amalize kidato cha sita, aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili na kupata mapendekezo ya mwajiri na chama, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu. Sababu yake ilikuwa nzito na ya heshima: taifa changa halikutaka wasomi wasiojua jasho la mkulima anayewalipia. Sharti hilo lilikuja kulegezwa, likianza na wasichana, kwa kuwa miaka ya kusubiri iliwaondoa wengi wao kwenye safari ya masomo kabisa. Somo la wakati ule bado lina uzito leo. Muda wa kusubiri unaumiza zaidi wale ambao nyumbani kwao kuna shinikizo la kuolewa, kulea au kuchuma.

Jaribio la karibu zaidi na wazo la chuo cha mapema lilifanyika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2014, serikali ikikabiliwa na uhaba mkubwa wa walimu wa sayansi na hisabati, ilianzisha stashahada maalumu ya ualimu. Vijana waliomaliza kidato cha nne waliingia moja kwa moja chuo kikuu, bila kupita kidato cha tano na cha sita, wasome miaka mitatu na watoke walimu. Wazo lilikuwa la kishujaa. Kwa mzazi wa kijijini, mtoto wa kidato cha nne kuwa UDOM kwa mkopo wa serikali lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

Mei 2016 wanafunzi hao, zaidi ya 7,000, waliamriwa kuondoka chuoni ndani ya muda mfupi sana. Wahadhiri walikuwa wamesusa kuwafundisha kwa wiki kadhaa wakidai malipo ya kazi hiyo ya ziada, na sifa za baadhi ya waliodahiliwa zikatiliwa shaka. Vijana wakabeba masanduku kutafuta mabasi ya kwenda makwao. Baadaye serikali iliwachambua upya: waliokidhi vigezo wakahamishiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaelekezwa kutafuta kozi nyingine.

Wengi walihitimisha kwamba mtoto wa kidato cha nne hafai kukaa chuo kikuu. Hitimisho hilo linaukwepa ushahidi. Umri wa wanafunzi haukuwasimamisha wahadhiri kufundisha. Malipo ndiyo yaliyowasimamisha. Swali la nani mwenye sifa lilipaswa kujibiwa mlangoni, kabla ya udahili, na ofisi zilizokuwa zikishiriki. Mpango uliwaleta pamoja wizara, chuo kikuu, bodi ya mikopo na maelfu ya familia bila makubaliano yanayobana kuhusu nani analipa nini, nani anapima nini, na nini kinafuata mambo yakikwama. Gharama ya uzembe huo wa uratibu ililipwa na watoto.

Sasa nchi inajaribu tena, kwa upana zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Utekelezaji wa mkondo wa amali ulianza Januari 2024 katika shule chache zilizochaguliwa, za serikali na za binafsi. Mwanafunzi wa mkondo huu anasoma masomo ya msingi pamoja na fani kama umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo au upishi, na anatarajiwa kumaliza akiwa na vyeti viwili: cha kidato cha nne, na cha ufundi kinachotambuliwa na NACTVET. Kundi la kwanza litafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2027.

Vyeti viwili kwa miaka minne ndiyo maana halisi ya chuo cha mapema, hata kama hakuna anayeuita hivyo. Ngazi ya juu yake nayo ipo tayari. Mwenye tuzo ya ufundi ya ngazi ya tatu na cheti cha kidato cha nne anaweza kuingia ngazi ya nne ya elimu ya ufundi katika fani inayofanana, akapanda hadi stashahada, ambayo ni ngazi ya sita, na akiwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0 akaomba shahada. Kijana wa fundi seremala wa Mbamba Bay anaweza, kwa karatasi, kufika uhandisi bila kupita kidato cha sita.

Kwa karatasi, kwa kuwa nchi hii imewahi kuandika mambo mazuri ya namna hii. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari za serikali zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Wazee waliosoma miaka ya 1970 wanakumbuka karakana zenye mashine za kuranda mbao na mashamba ya shule yaliyolisha bweni zima. Uchumi ulipoporomoka miaka ya 1980, vipuri na walimu wa fani vilikuwa vya kwanza kukosekana. Lakini hata kabla ya hapo mchepuo ulikuwa na upungufu wa ndani: ulimwishia mwanafunzi mlangoni mwa shule. Aliyesoma ufundi miaka minne alipotafuta kazi alidaiwa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, kana kwamba hakuwahi kushika randa. Amali itavuka shimo hilo iwapo tu cheti chake kitaheshimiwa na chuo kinachofuata na mwajiri anayefuata.

Tingi inaonyesha vizuri ukubwa wa kazi iliyobaki. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Mbinga, makao yake makuu yakawa Mbamba Bay. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilomita 67, imefupisha safari iliyokuwa ya mateso wakati wa masika. Hata hivyo, chuo cha VETA cha Songea kiko mbali zaidi, baada ya takriban kilomita 100 nyingine kutoka Mbinga. Mwanafunzi wa kutwa hawezi kwenda huko na kurudi. Anahitaji kitanda, chakula na nauli. Serikali iliamua kujenga vyuo vya VETA katika wilaya, kwanza 25, kisha 64 vingine, na kila kinachokamilika kinapunguza sehemu ya tatizo hili. Majengo hayataondoa sehemu iliyobaki.

Tazama kilichopo tayari katika eneo hili. Mbinga kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo ambavyo Tanzania ilianza kuvianzisha 1975 kwa mfano wa shule za watu wazima za Sweden. Litembo kuna hospitali ya jimbo Katoliki la Mbinga, na huko huko wanafundishwa wauguzi. Peramiho, ambako Wabenediktini walifika 1898, kuna hospitali kubwa, mafunzo ya afya na karakana zilizofundisha vizazi vya mafundi wa Ruvuma. Ugano, ndani ya Mbinga, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI. Songea kuna kituo cha Chuo Kikuu Huria na kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha. Ziwani, kati ya 2017 na 2021, Mamlaka ya Bandari ilizindua MV Njombe, MV Ruvuma na MV Mbeya II, zilizojengwa Kyela na kampuni ya kizalendo ya Songoro Marine. Meli hizo zitahitaji mafundi wa kuchomelea, wa injini na wa umeme kwa miaka mingi, na bandari ya Mbamba Bay inayojengwa upya itahitaji wengi zaidi.

Hata hivyo, kijana wa pwani ya Ziwa Nyasa anayetaka kusomea uvuvi hutazamishwa mbali. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani, Nyegezi, Kibirizi, Mikindani na Gabimori: Bahari ya Hindi, Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika. Mtoto aliyekua akianika dagaa Liuli anapaswa kuvuka nchi ili afundishwe kuhifadhi samaki. Hapa uratibu una maana ya kuuliza iwapo mkufunzi anaweza kuja kwa muhula mmoja Mbamba Bay, badala ya wanafunzi thelathini kwenda Mwanza.

Uamuzi unaoharibu safari nyingi za chuo haufanyiki kidato cha nne. Hufanyika mapema zaidi, mwanafunzi anapopanga masomo atakayoendelea nayo. Kozi za uuguzi na nyingine nyingi za afya hudai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti wa Tingi anayeiacha Fizikia kwa kuwa shule haina mwalimu wake, au kwa kuwa rafiki zake wameiacha, amejifungia mlango wa Litembo bila kujua. Atakuja kujua baada ya matokeo, akijaza fomu. Mwalimu wa ushauri na unasihi angeweza kumwonya. Lakini mwalimu huyo kwa kawaida ana vipindi kamili, ana zamu, na jukumu la ushauri amebandikwa juu ya mengine bila mafunzo wala muda.

Tarehe nazo zinagongana. VETA huanza mwaka wake wa masomo Januari, na fomu hutoka miezi kadhaa kabla. Mwanafunzi wa kidato cha nne inabidi aombe akiwa bado anajiandaa kwa mtihani. Vyuo vya kati hufungua Septemba na Oktoba, vingine vikiwa na muhula wa Machi. Machaguo ya Selform hujazwa shuleni kabla ya mtihani, kisha hufunguliwa dirisha la kuyabadili baada ya matokeo, wakati mwanafunzi yuko kijijini, hana simu janja, na mwalimu aliyemjazia amehama. Tangu 2024 tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa hadi 65. Ni nafasi nzuri kwa anayeelekezwa. Kwa asiye na wa kumwelekeza, orodha imerefuka tu.

Kenya ilichukua njia tofauti katika jambo hili. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda KUCCPS, taasisi moja inayowapangia wahitimu wa kidato cha nne nafasi za shahada, stashahada na kozi za ufundi katika mfumo mmoja. Mwanafunzi wa Turkana anaona kwenye ukurasa uleule kozi ya udaktari na kozi ya ufundi bomba, pamoja na alama zinazotakiwa. Mfumo huo umelaumiwa kwa mengi, na ufadhili wa wanafunzi umekuwa na migogoro yake. Hata hivyo, familia inajua ni mlango gani wa kubisha. Tanzania mwanafunzi hubisha TAMISEMI kwa Selform, VETA kwa fomu zake, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kwa mkuu wa chuo, NACTVET kwa kozi za afya, na, tangu 2017, kila chuo kikuu kivyake.

Kuhusu fedha, serikali imefanya mengi yanayostahili kutajwa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, ya kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa fedha 2022/23. Mwaka uliofuata ilifuata ada ya wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, Arusha na MUST, na mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ikaanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika maeneo kama afya, ualimu wa sayansi, kilimo, nishati na usafirishaji. Lakini mkopo unaombwa kwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, katika kijiji ambacho ofisi ya msajili iko siku nzima ya safari, hugundua upungufu huo dirisha likiwa limebakiza wiki mbili. Karatasi moja inamnyima stashahada ambayo fedha zake zimeshatengwa.

Wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanastahili nafasi katika hesabu hii. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikuwa vimeanza kuwapokea kina mama vijana, wakifundishwa fani na masomo ya sekondari kwa pamoja, huku watoto wao wakiangaliwa palepale chuoni. Kwa maneno mengine, sekondari na chuo chini ya paa moja vimeshajaribiwa Tanzania, na wanafunzi wake walikuwa wale waliohesabiwa kuwa wameshindwa. Mbinga haihitaji kwenda New York kujifunza hilo.

Wapo wanaohofia kwamba kuwasukuma vijana wa kata za mbali kwenye ufundi ni kuwagawa watoto: wa mjini daktari, wa Tingi fundi bomba. Hofu hiyo ina msingi, na inajibiwa kwa masharti. Njia ya amali ibaki wazi kupanda hadi shahada, na wanafunzi wa mkondo wa jumla wapate nao kugusa chuo mapema, kwa mfano wiki moja ya likizo Ugano wakijifunza afya ya mibuni, au Peramiho wakiona kazi ya maabara. Wengine wanasema walimu wamezidiwa. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii haipaswi kuongezwa juu ya mabega yao.

Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa inaweza kuanza na mratibu mmoja wa kujiunga na vyuo, katika ofisi ya elimu sekondari, mwenye pikipiki, mafuta na orodha ya majina ya kila mwanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne. Kidato cha pili akutane na wazazi kabla masomo hayajachaguliwa, awaonyeshe kozi zipi zinadai nini. Kidato cha tatu apange na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mbinga wiki za likizo za karakana. Kidato cha nne, ikifika Agosti, ahakikishe vyeti vya kuzaliwa vimepatikana, fomu za VETA zimejazwa na machaguo ya Selform yamejadiliwa na mzazi. Januari, matokeo yakitoka, arudi shuleni na vifaa vyake kwa siku ambazo dirisha la kubadili liko wazi.

Kisha ile miezi ya kusubiri itumike. Kati ya Februari na Juni vyuo vya karibu vinaweza kutoa moduli fupi, kompyuta, uchomeleaji, usindikaji wa samaki, na NACTVET ikakubali kwamba moduli hizo zinahesabiwa kijana akijiunga na chuo baadaye. Anayekwenda kidato cha tano anaondoka na ujuzi. Asiyechaguliwa tayari yuko ndani ya chuo. Makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa na pande zote kabla ya mwanafunzi wa kwanza kupokelewa, yakitaja nani analipa mkufunzi na nini kinafanyika malipo yakichelewa.

Muda si mrefu. Darasa la sita la mtaala mpya wa elimu ya msingi na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Hao watajaza machaguo yao mwaka 2031, wakiwa karibu mara mbili ya wanafunzi wa kawaida. Bajeti za halmashauri huandaliwa kabla ya Julai. Mshahara wa mratibu mmoja wa Nyasa na mafuta ya pikipiki yake ni kasma ambayo madiwani wanaweza kuijadili katika kikao chao kijacho cha bajeti.